Bolti Moja na Gari la Kikundi

(Mazungumzo na kamati za vikundi, madereva na mafundi vijana wa Soin, katika semina ya siku moja kuhusu utunzaji wa magari ya vikundi)

Tunashukuru kwamba mmeacha mashamba asubuhi hii, hasa tukijua kuna wengine mmetembea kutoka kule chini kwenye miwa. Tutajaribu tusiwachoshe.

Kabla ya kusema lolote, tafadhali mpitishiane kipande hiki cha chuma. Kishikeni tu, kina mafuta kidogo lakini hakichafui sana. Hiki ni kipande cha bolti. Kipande cha pili hatukukipata, kilibaki mtaroni kwenye mteremko wa kutoka Kapsoit kuja Kipsitet. Mkiangalia pale kilipokatika mtaona sehemu mbili. Sehemu moja ni nyeusi na laini. Nyingine ni nyeupe-nyeupe, ina chembechembe kama sukari. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, uliokuwa ukiingia ndani kidogo kidogo kila siku gari likitembea. Ile ya chembechembe ndiyo iliyokatika siku yenyewe, mara moja. Pimeni kwa macho: nyeusi ni kubwa kuliko nyeupe. Maana yake gari letu lilitembea siku nyingi likiwa limeshikwa na kipande kidogo cha chuma kizima, na sisi tulikuwa tumepanda juu yake tukiimba.

Sisi si mafundi wa magari. Diploma tuliyosomea ni ya kazi za jamii, na miaka yote hii tumezoea mambo ya vikundi, maji, mikopo midogo midogo na ugomvi wa mipaka ya shamba. Lakini bolti hii iliturudisha shuleni, na leo tunataka kuwaeleza tulichojifunza, pamoja na kosa ambalo lilikuwa letu.

Wengi mnaijua ile pikapu. Ni ya mwaka 1994, rangi yake nyeupe, ingawa siku hizi hata hiyo nyeupe inahitaji imani. Inabeba mbolea na miche, inapeleka nyanya za akina mama soko la Sondu, na usiku wa manane inabeba mgonjwa. Mwezi wa Machi mwaka jana dereva alikuja ofisini akasema mbele upande wa kushoto kunagonga, ko-ko-ko, kila akiingia shimoni, na usukani unavuta kando anapofunga breki. Tukampelekea fundi kijana wa hapa kituoni. Kijana akalala chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka na matope hadi masikioni. Akasema bolti inayoshika ule mkono wa chini wa gurudumu imeliwa na kutu na bushi yake imekwisha. Akasema bolti ya aina hiyo haipatikani hapa, itafutwe Kericho mjini au Kisumu. Alikadiria shilingi 900, bushi na nauli mbali, na gari lisiguse barabara kwa siku mbili.

Sisi tulikuwa na nyanya za kupeleka sokoni kesho yake. Tukamwambia, "Kijana, tafuta njia."

Naye akatafuta. Alienda kwenye duka la vifaa vya ujenzi akanunua bolti ya shilingi 60. Tundu lilikuwa la milimita 14, bolti ya dukani ilikuwa ya 12, kwa hivyo akaizungushia kipande cha bati la mkebe ili isichezecheze. Jioni hiyo hiyo gari likatoka halina mgongano wowote. Tulimsifu sana. Tulisema kijana huyu ana akili ya mkono.

Baada ya wiki kama kumi, katika zile mvua za Mei, gari likiteremka na kreti za nyanya na akina mama wawili mbele, kulisikika mlio mmoja kama risasi. Gurudumu la mbele kushoto lilirudi nyuma likakwama kwenye bodi. Usukani ukawa hauna maana. Dereva, na tunamshukuru mpaka leo, aliachia breki, akaliacha gari liegemee ukuta wa udongo upande wa mlima badala ya upande wa korongo. Mama mmoja alivunjika mtulinga. Yuko hapa nasi leo na ametukubalia tuitaje habari yake. Kwa miezi mitatu hakubeba hata ndoo ya maji, na kule kwao aliyeacha shule ili kuibeba ndoo hiyo alikuwa binti yake wa darasa la saba. Hilo hatukulijua mpaka mwalimu alipotuambia.

Basi ukaitishwa mkutano. Tunataka kuueleza vizuri mkutano huo, kwa sababu kamati nyingi hapa zitakutana na jambo kama hilo. Watu walikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na jina, nalo lilikuwa jina la fundi. Mmoja alisema kijana alipe hospitali. Mwingine akasema achukuliwe sanduku lake la spana mpaka amalize deni. Mzee mmoja akasema tumpeleke polisi. Kijana alikuwa amesimama pale mlangoni, hakuingia wala hakuondoka, na hakujibu lolote. Nasi tulikuwa tumekaa kwenye meza ya mbele na kitabu cha kumbukumbu, tunaandika. Tunaona aibu kusema hivi, lakini tuliandika karibu ukurasa mzima.

Aliyesema ukweli ni dereva. Aliinuka akasema, "Huyu kijana aliomba siku mbili na mia tisa. Nani hapa alimnyima?" Halafu akakaa chini.

Kukawa kimya. Kisha tukalazimika kusimama na kusema ni sisi. Hatukuwa tumeambiwa na kamati, hatukuuliza mtu, tulisema tu "tafuta njia" kama watu wanavyosema kila siku. Baada ya hapo wazee waliamua kwamba gharama ya hospitali itoke kwenye mfuko wa gari, na kwamba ofisi ichangie kutoka mishahara yetu kwa miezi minne. Na ikawa hivyo. Fundi alibaki na spana zake. Tungekuwa tumemnyang'anya, leo Soin ingekuwa imepoteza fundi pekee aliyetuambia ukweli kuhusu lile gari.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Kwanza, kwa nini bolti zetu zinaliwa haraka hivi? Huko juu kwenye majani chai mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Huku chini kuna ule udongo mweusi ambao ukishika gari hauachi. Unakauka juu ukiwa bado na maji ndani, na bolti inakaa kwenye unyevu wiki nzima. Tena kuna mbolea. Akina baba, tunabeba NPK ya majani chai kwenye pikapu hizi, magunia yanapasuka, na ile chumvi-chumvi inashuka kwenye fremu na springi. Mbolea inakula chuma vibaya sana. Tukishusha mbolea tuoshe gari chini kwa maji mengi, siyo mlango na kioo tu. Ndoo tano za maji ya mto zinatosha, na ni kazi ya nusu saa.

Vile vile, gari laweza kuja na kutu yake. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka minane ni mingi kwa gari lililoishi upande wa kaskazini kule, ambako theluji huanguka na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Juu linang'aa kama bwana harusi. Ingia chini uangalie.

Fundi mmoja mzee aliyestaafu, ambaye alitengeneza malori ya kubeba majani mabichi kwa zaidi ya miaka thelathini, alikubali kutufundisha siku mbili. Jambo la kwanza alilotuambia ni hili: bolti haifanyi kazi kama msumari. Msumari unazuia kwa mwili wake. Bolti inazuia kwa kubana. Akina mama mtaelewa upesi kuliko wanaume. Mkifunga mzigo wa kuni kwa kamba iliyokazwa sana, kuni hazisogei na kamba haiumii. Kamba ikilegea kidogo, kila hatua kuni zinacheza, zinasugua kamba, na mwisho kamba inakatika hata kama ni mpya. Bolti ni hivyo hivyo. Ikiwa imebana vizuri, vile vyuma viwili vinakuwa kama kimoja. Ikilegea, inapindwa huku na huku kila shimo, mara elfu na maelfu, na ufa unaanza. Kile kipande mlichoshika kilikufa kwa njia hiyo.

Kwa sababu hiyo nguvu ya chuma ni jambo kubwa. Angalieni kichwa cha bolti. Nyingine zimeandikwa 8.8, nyingine 10.9. Nambari ya kwanza, ukiizidisha kwa mia, ndiyo kipimo cha nguvu yake ya kuvutwa kabla ya kukatika. Ya pili inaonyesha itavutwa kwa kiasi gani kabla haijanyooka ikakataa kurudi. Bolti ya kawaida ya ujenzi, ile ya kufungia paa na lango, mara nyingi ni 4.6 au haina alama kabisa. Bolti ya milimita 12 yenye 10.9 inaweza kubana kwa nguvu ya karibu tani 7 bila kuharibika. Ya 4.6, unene ule ule, haifiki tani 2. Kwa macho ni mapacha. Na gari za Kijapani mara nyingi haziandiki hivyo, utakuta nambari moja tu kichwani, kama 7 au 9, nayo pia kadiri ilivyo kubwa ndivyo chuma kilivyo na nguvu.

Kuna na jambo la meno. Bolti nyingi za gari la Kijapani za milimita 12 zina meno madogo madogo yaliyokaribiana, umbali wa milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Ya dukani ina meno mapana, 1.75. Ukilazimisha nati ya moja kwenye nyingine itaingia mizunguko miwili, itakaza, nawe utadhani umefunga. Hujafunga. Kwa hivyo unapotuma mtu mjini, mpe bolti ya zamani aishike mkononi, asiende na maneno. Na asirudi na nyembamba au fupi kidogo. Ile ya bati la mkebe hatutairudia tena kuitaja, maana mwenyewe yupo na anacheka.

Mtu akikosa mpya, je, achukue ya gari bovu? Mzee alisema afadhali hiyo, ikiwa ni ya gari la aina hiyo hiyo, haijapinda, meno yake ni mazima na kutu haijachimba mwilini. Lakini nati yenye pete ya plastiki ndani isirudiwe. Ikishafunguliwa mara moja imepoteza ule mshiko. Na yubolti za springi za nyuma, zile zenye umbo la kwato, zikifunguliwa zinunuliwe mpya. Tena zikazwe upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu majani ya springi hujipanga upya na ubanaji unapungua. Hapa ndipo pikapu nyingi za Soin huharibika: yubolti zinalegea, senta bolti inakatika, ekseli ya nyuma inateleza, na unaona gari linakuja barabarani likitembea upande upande kama kaa.

Tuje kwenye kufungua, maana vijana naona mnasubiri hapo.

Bolti hii ya mkono inapita ndani ya bushi. Bushi ni mpira, na katikati ya mpira kuna kijipaipu cha chuma. Maji yanaingia kati ya bolti na kile kijipaipu. Kutu ni kama unga wa ugali, inavimba kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo inajaza nafasi yote na kushika. Nati yaweza kutoka vizuri kabisa na bado bolti isitoke. Ukiizungusha kwa spana inazunguka kidogo, halafu inarudi yenyewe kama inayokucheka. Si inarudi, ni mpira unajipinda na kuirudisha. Ukiona hivyo usiongeze paipu kwenye spana, utakata kichwa. Ujue imeshikana na bushi, na bushi hiyo itabidi ife.

Mzee alianza jana yake. Hilo ndilo somo tulilolipenda kuliko yote. Jioni alisugua meno kwa brashi ya waya, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kulala. Asubuhi akatia tena, akanywa chai. Kama mafuta ya dukani hayapo, wengi hutumia dizeli, lakini yeye alisema mafuta ya gia otomatiki yakichanganywa na asetoni nusu kwa nusu huingia vizuri zaidi. Asetoni inashika moto upesi, kwa hivyo pasiwe na sigara wala gesi karibu. Halafu aligonga kichwa cha bolti kwa nyundo, siyo kwa hasira, bali mara nyingi nyepesi nyepesi, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Alipoanza kufungua hakufungua, alikaza kwanza kidogo, kisha akarudisha, akakaza, akarudisha. Tulimwuliza kwa nini. Akasema, "Mlango uliokwama unausukuma kwanza au unauvuta?"

Kabla ya hayo yote, gari liwekwe juu ya stendi. Tunasema kwa sauti kwa sababu tumezika watu katika wilaya hii waliolala chini ya gari lililosimama juu ya jeki tu. Jeki ni ya kuinulia. Haishikilii maisha ya mtu. Mawe nayo yanapasuka, na matofali ndiyo mabaya zaidi, yanapasuka bila kutoa taarifa. Kama hakuna stendi za chuma, tumieni magogo mazito ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa, yapangwe kwa kupishana, na magurudumu mengine yafungwe kwa gogo mbele na nyuma. Sukumeni gari kwa mkono likiwa juu. Likitikisika, shusheni muanze upya.

Ukitaka kuitoa bolti kwa nyundo, rudisha nati mpaka ilingane na mwisho wa bolti, ndipo ugonge. Hivyo meno hayavimbi. Kama bado haitoki, inakatwa. Njia salama ni kupitisha msumeno wa chuma kati ya bushi na ile bano ya fremu, pande zote mbili, na mkono unatoka na kipande cha bolti ndani yake. Ni kazi ya saa nzima na jasho. Gesi inafanya kwa dakika tano, lakini gesi inachoma mpira wa bushi ukatoa moshi mbaya, na karibu hapo kuna paipu ya breki, na pengine paipu ya petroli. Grainda nayo inarusha cheche. Anayetumia gesi au grainda chini ya gari aondoe kwanza vinavyoshika moto, aweke ndoo ya mchanga, avae miwani, na asiwe peke yake.

Jambo ambalo hatutaki kuliona tena hapa Soin ni kuchomelea. Bolti ngumu imepata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukiichomelea umeuharibu ugumu huo. Inakuwa laini mahali pengine na dhaifu kama kioo mahali pengine. Vivyo hivyo kuchomelea nati kwenye fremu "ili isilegee". Italegea nini, wakati imeshakufa?

Kuna bolti nyingine ambazo chini ya kichwa zina washa yenye umbo la yai na mistari ya kupimia. Hizo zinarekebisha mwelekeo wa gurudumu. Kabla ya kugusa, pigeni alama kwa patasi au rangi mjue ilikuwa wapi. Vijana wawili wa hapa walisahau, na gari lilikula matairi mawili mapya kabla ya kufika Krismasi.

Kurudishia kunaonekana rahisi, na ndipo tunapokosea. Safisha tundu mpaka uone chuma. Paka grisi kidogo mwilini mwa bolti, pale inapopita kwenye bushi, ili siku nyingine itoke. Ifunge kwa mkono kwanza, mizunguko kadhaa, ndipo ushike spana. Halafu usiikaze kabisa gari likiwa juu. Shusha gari lisimame kwa miguu yake minne, litikise, ndipo ukaze. Sababu ni ule mpira. Gari likiwa juu, mkono unaning'inia. Ukikaza pale, mpira unashikwa ukiwa umening'inia. Ukishusha gari unajipinda, na utabaki umejipinda siku zote, utararuka kwa miezi michache. Mafundi wengi sana hawafanyi hivi kwa sababu ni shida kufikia bolti gari likiwa chini. Lipandisheni juu ya mbao pana chini ya magurudumu yote, mtapata nafasi.

Mkiwa na spana ya kupimia nguvu, tumieni, na kipimo kiwe cha gari lenyewe, si cha kubahatisha. Vikundi vitatu vinaweza kununua moja pamoja. Sisi ofisini tumeanza, na tutawaazima kwa daftari.

Msidhani jambo hili ni la watu wa jua kali peke yao. Mwaka 2012 kampuni ya Toyota iliita magari yake ya RAV4 zaidi ya 700,000 huko Marekani, yale ya modeli za mwaka 2006 hadi 2011. Tatizo lilikuwa kwenye mkono wa nyuma. Nati za kufungia zisipokazwa sawasawa baada ya gurudumu kunyooshwa, meno yanachezacheza, yanaingia kutu, yanakwisha, na mkono unaweza kuachana. Hao ni watu wenye mashine za kila aina na karakana zenye sakafu safi. Na walioshindwa ni nati ambazo mtu hakuzikaza inavyotakiwa. Magari ya aina hiyo yapo hapa kwetu pia, kwa hivyo mwenye nalo asiende kunyoosha magurudumu na kuondoka bila kuuliza kama nati zimerudishwa na kukazwa.

Sasa, kamati. Kuna wanaosema gari la biashara linakaguliwa kila mwaka na serikali, basi yatosha. Ukaguzi ni mzuri, lakini ni siku moja, na barabara yetu ina siku nyingine 364. Barabara hii inashuka kutoka Kericho, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mpaka Ahero iliyo chini ya mita 1,200. Ukiteremka na mzigo na kukanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele na magurudumu yanasukumwa kurudi nyuma. Kinachoyazuia ni ile mikono na bolti zake. Kwa hivyo dereva akisema inagonga, gari lisimame siku hiyo hiyo, hata kama nyanya zinaiva.

Kwetu tumebadilisha mambo mawili matatu. Kuna daftari la gari. Fundi anaandika mwenyewe alichoona, anachohitaji na siku anazohitaji, kabla ya mtu yeyote kumjibu. Kama anayeshika pesa anakataa, anaandika kwamba amekataa na anatia sahihi. Kusema kweli tangu tuanze hakuna aliyekubali kutia sahihi hiyo. Pesa imepatikana kila mara. Pili, kila safari ya kulipiwa, shilingi 50 zinaingia kwenye kopo la bolti na bushi, na kopo hilo halikopeshwi hata kwa matanga. Hapo tulikuwa na ubishi mkali na wazee, na bado haujaisha.

Na fundi wetu tumemlipia aende kufanya ule mtihani wa ufundi wa NITA, wa daraja la tatu, ambao hata aliyejifunza kazi chini ya mti anaruhusiwa kuufanya. Wazazi mlio na vijana wanaoshinda gereji, tuoneni baadaye tuwaelekeze. Mikono mingi hapa Soin inafanya kazi ya daraja la kwanza bila hata kipande cha karatasi, na ndiyo maana ni rahisi kuinyooshea kidole mambo yakiharibika.

Tumesema mengi, na chai naona imefika. Lakini chai itangoja kidogo. Pikapu iko nje chini ya mti, imekaa juu ya stendi tangu asubuhi. Upande wa kushoto tulishafanya. Ule wa kulia haujafunguliwa tangu tulinunue gari hili, na jana jioni fundi alitia mafuta, akatia tena leo saa kumi na mbili. Bolti mpya ninayo hapa mfukoni, 10.9, pamoja na bushi. Hatujui kama ya zamani itatoka au itabidi msumeno. Wazee watangulie, kuna viti upande wa kivuli. Vijana wavue makoti. Na yule mwenye kile kipande, tafadhali akirudishe mezani, tunakihitaji kwa semina ya Sigowet.